Nani Ampe Mtoto Jina

Tegeni masikio, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hili si la kuropoka.

Palikuwa na kituo cha zimamoto chenye gari moja kuukuu na watu watatu. Mzee Shekiondo, dereva, alijua kupima uchochoro kwa jicho: akitazama mara moja tu, anajua gari litapita au halipiti. Mwantumu alikuwa wa pampu, na mikono yake iliyajua maji kuliko kipimo chochote. Hemedi alikuwa mtu wa kuingia. Katika moshi mzito alipapasa ukuta hadi akamfikia mtu.

Adhuhuri moja, nyumba ya Mbaruku mshona magodoro ikashika moto. Mkewe, Zuwena, alikuwa chumba cha ndani, mzazi wa siku tano. Mtoto wao wa kike alikuwa hajapewa jina, kwani jina ni siku ya saba, na Zuwena alikwisha kulichagua akalificha hata kwa mumewe.

Njia ilizibwa na ukuta wa ua wa Shekiondo mwenyewe, aliomjengea mkewe mgonjwa apate kuota jua kwa faragha. Mzee hakuuliza mtu. Akaupiga kwa gari, matofali yakamwagika, wakapita.

Mpira wa maji ukafyatuka kwenye kiungo. Mwantumu akakibana kwa viganja vyake ili maji yaendelee kwenda. Kikamvunja vidole viwili, naye hakuachia.

Hemedi akaingia. Alimkuta Zuwena ameangukiwa na boriti miguuni, mtoto amemfunika kanga aliyoilowesha kwa maji ya kunywa.

"Mchukue," Zuwena akasema. "Mwite Mwanahawa."

Hemedi akamwambia anarudi sasa hivi. Akamtoa mtoto. Alipogeuka kuingia tena, paa likashuka.

Mbaruku alipomuuliza, Hemedi alisema alimkuta mwanamke ameshakata roho. Alimwonea huruma, jamani, na nafsi yake pia aliionea huruma.

Siku ya saba, wembe uko tayari wa kumnyoa mtoto, Mbaruku akawaita wote watatu. Akasema jina alilochagua mkewe limekwenda naye kaburini, basi jingine alitoe aliyemwokoa mtoto, na awe mmoja tu. Shekiondo akasema bila maji gari lake lingekuwa chuma tu, apewe Mwantumu. Mwantumu, vidole vimefungwa bendeji, akasema bila ukuta kubomolewa maji yake yangeishia barabarani, apewe mzee. Majirani wakasema la, aliyembeba ndiye.

Mbaruku akamgeukia Hemedi, macho mekundu. "Sema wewe, ndugu yangu. Wewe ndiye uliyekuwa ndani."

Hemedi akautazama wembe. Jina analo. Akilitaja kuwa ni la Zuwena, Mbaruku atajua kwamba mkewe aliachwa hai. Akilitaja kama lake mwenyewe, atakuwa amemwibia marehemu neno lake. Akinyamaza, mtoto ataishi na jina ambalo mamake hakulitaka, na neno la mwisho la Zuwena hatalisikia mtu.

Mtoto analia, wembe unangoja. Haya, nyinyi mliokaa kimya: kati ya hao watatu, nani ana haki ya kumpa jina? Na ungekuwa wewe Hemedi, ungesema?