Ridhaa ya Bi Mize

Haya, sogeeni jamvini. We wa mlangoni, ingia ndani, unatuzibia upepo. Na mwenye kutafuna atafune kwa adabu; nataka kimya nijisikie ninavyosema. Kisa hiki nilipewa na nyanya yangu, naye hakukimaliza hata siku moja bila kushika mbavu.

Palikuwa na Sultani, jina lake Hamduni. Ana kila kitu, na bado jicho lake limo chunguni mwa jirani. Siku hiyo anaoza binti yake. Kadhi akaja, akakaa nje ya pazia, akamuuliza mwari mara tatu: umeridhia kuolewa? Mwari kimya. Mara vigelegele!

Sultani akashangaa. "Mbona hakujibu?"

"Ana haya, Maulana," akasema Kadhi. "Moyo umekubali, mdomo umeona aibu. Kimya chake ndiyo ridhaa."

"Ridhaa!" Sultani akalilamba neno kama haluwa. "Kumbe mtu akinyamaza, basi, kwisha!"

Lo! Tangu hapo ole wake mwenye kunyamaza. Sultani akamkuta Vuai kinyozi amesujudu, akamwinamia sikioni: "Mbuzi wako nimchukue?" Mara tatu. Vuai yumo ndani ya sala, atajibuje? Mbuzi huyoo! Akamkuta Mzee Kheri anang'olewa gego, akamuulizia kitanda chake. Mzee akapiga ukelele, mji mzima ukasikia. Sultani akasema, "Huyu amekubali mpaka amepitiliza." Kitanda kikabebwa.

Ikafika zamu ya Bi Mize, mjane, mshona mikeka. Kijumba chake cha makuti kimepakana na ukuta wa Sultani. Humo alizalia wanawe, humo alifiwa na mumewe, na pengine hana. Sultani akamkuta barazani anashona, sindano tatu kazibana kwa midomo.

"Bi Mize, nyumba hii nataka niweke punda wangu. Umeridhia? Umeridhia? Umeridhia?"

Kabla bibi hajatema sindano ya pili, Sultani keshageuka. "Kesho adhuhuri uwe umetoka!"

Unadhani alilia? Wapi! Asubuhi akaoga, akapaka hina, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya doti nzima. Godoro kichwani, huyo kwa Sultani, wanawake wa mtaa nyuma yake wanapiga vigelegele. Akaingia barazani, wakubwa wote wamekaa, akapanda mpaka kwenye kiti cha Sultani.

"Sogea kidogo, mume wangu."

"Nani mumeo, we kizee?"

"Jana umeniuliza mara ngapi?"

"Mara tatu!"

"Nikajibu?"

"Ulinyamaza. Ukaridhia."

Bi Mize akamgeukia Kadhi. "Shehe, mtu huulizwa mara tatu, akanyamaza, ikawa ridhaa, kwenye jambo gani?"

Kadhi akakohoa. "Kwenye ndoa, bibi."

"Kwenye kutoa nyumba je?"

"Hapana. Huko mtu sharti atamke."

"Basi mimi nimeolewa. Mahari yangu yako wapi? Na fungate ni siku saba, mume wangu. Mimi hupenda kuku wa kupaka, ila anichambuliwe, meno yamebaki mawili."

Baraza zima likafa kwa kicheko. Waziri akajifunika kilemba.

"Mimi nilikuuliza nyumba!" akafoka Sultani. "Nikuoe wewe nina wazimu?"

"Taratibu, mume wangu, wageni wanasikia. Nilalie upande gani, huu wa dirishani?"

"Kadhi! Sema neno! Niokoe!"

Kadhi maskini akafuta jasho. "Maulana, liko jambo. Kimya huwa ridhaa kwa mwari tu, ambaye hajaolewa kabisa. Huyu ni mjane. Mjane hana haya hiyo, sharti aseme kwa ulimi wake."

Sultani akaruka kwa furaha. "Umesikia, we kizee? Kimya chako si ridhaa! Nasema mbele ya watu wote, kimya chako si ridhaa!"

"Nimesikia, Maulana. Na hawa wote wamesikia." Bi Mize akajitwika godoro lake. "Basi nyumba sikukupa. Narudi kwangu."

Sultani akapunga mkono. "Nenda! Nenda na nyumba yako, nisikuone tena!"

"Naenda. Mimi mjane, sina kesi tena. Lakini mlangoni pako wamekaa Vuai kinyozi na Mzee Kheri, wamepakwa hina mpaka magotini. Nao, Maulana, hawajaolewa hata mara moja."

Mbuzi na kitanda vilirudi kabla ya alasiri. Bi Mize alipokufa, nyumba aliirithi bintiye Somoe. Sultani alipokufa, jumba alirithi mwanawe mkubwa, punda wakaenda kwa mdogo. Ila jina la Bwana Harusi, alilopachikwa Sultani na watu tangu siku ile, hilo walirithi wote wawili.