Blanketi la Fundi Jundub

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Sham palikuwa na mhunzi mmoja mcha Mungu aliyeitwa Jundub. Kazi yake ilikuwa kufua visu vya chuma cha pua, na visu vyake vilisifika kwa ukali. Lakini alikuwa na tabia moja iliyowakosesha watu raha. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, jua likiwa kali, alifunga mlango wa karakana, akatundika blanketi zito dirishani, akabaki gizani na moto wake. Nje watu walisikia chuma kikilia "shaaa!", kisha harufu ya mafuta yaliyoungua ikatoka chini ya mlango.

Haya, niambieni nyinyi mlioketi hapa: jirani yenu akifanya hivyo, mtasema anafanya nini? Msinitazame hivyo. Mngesema yale yale waliyosema wao. Walisema anaita majini. Walisema anachovya visu vyake katika damu. Mmoja aliapa kwamba amesikia sauti mbili mle ndani, na kumbe Jundub maskini alikuwa akimtaja Mola wake na kuta zikimrudishia. Aliyewashinda wote kwa maneno hayo ni mchinjaji mmoja, jina lake Salit, ambaye bucha lake lilitazamana na karakana. Salit alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Lakini dirisha lile likishazibwa tu, aliwaachia nzi nyama yake, akaenda kutega sikio mlangoni.

Watu wakaanza kuitikia salamu za Jundub kwa shingo upande. Mkewe, Bi Rabab, alikuwa akirudi kisimani na mtungi mtupu, kwa kuwa wanawake walimwambia angoje mpaka wamalize wote, na hawakumaliza. Siku moja akamwambia mumewe:

"Baba Hudhaifa, kwa ajili ya Mungu, fungua hilo dirisha. Waone, waridhike, nasi tupumue."

"Nikifungua, kazi itaharibika."

"Na sisi je? Hatuharibiki?"

Jundub akarudi karakanani. Adhuhuri ile alikuwa na kisu kimoja motoni, akasikia mnong'ono nyuma ya mlango: "Sikilizeni, anaanza." Sauti ile aliijua. Moyo ukamshinda. Akalivua blanketi, akaufungua mlango, jua likajaa ndani, akakichovya kisu katika mafuta mbele ya macho ya watu. Hawakuona jini wala damu. Je, waliridhika? Wapi! Walisema, "Leo katuonyesha anachotaka tukione."

Na kisu kile alikinunua nani? Salit! Ndiyo, huyo huyo. Uchawi wa Jundub kwake ni haramu, lakini visu vya Jundub anavitaka. Sisi binadamu tuna mambo. Hazikupita siku kumi, kisu kikavunjika vipande viwili akiwa anakata nyama, na kipande kimoja kikampasua kiganja. Akaenda mbio kwa msimamizi wa soko, damu ikimtiririka, akipiga kelele kwamba jini la Jundub limemjeruhi.

Msimamizi wa soko, Sheikh Miqdad, alikuwa mtu mwadilifu, lakini masikio anayo, na maneno yalikwisha kumwingia. Alimwita Jundub mbele ya watu akamwambia:

"Fundi, pima maneno yako. Likithibiti wanalolisema, karakana itafungwa na wewe utahama mji huu. Kitazame kisu. Ni chako? Au huenda Salit amekipiga kwenye mfupa?"

Jundub alivipokea vile vipande, akatazama pale palipokatika. Chuma kilichoiva vizuri kikivunjika huonyesha chembe laini kama unga. Hiki kilikuwa na chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Katika umati ule hakuna mwingine aliyejua kuzisoma. Angesema "mfupa" tu, angerudi nyumbani kwake salama.

"Ni changu, Sheikh," alisema. "Na Salit hakukosea. Kosa ni langu."

"Mmemsikia!" watu walipaza sauti. "Amekiri!"

"Ulikifanya nini huko gizani?" aliuliza Sheikh.

"Sikukifanyia gizani. Nilikifanyia mwangani, na ndiyo sababu kimevunjika. Chuma huchovywa kikifikia wekundu wa komamanga, kikawa kigumu. Moto ukipita hapo, kinakuwa kama kigae. Na rangi ile haionekani penye jua. Nalijua hilo tangu ujana wangu, lakini niliyaogopa maneno ya watu kuliko nilivyoiogopa amana ya kazi yangu. Kisha nikakiuza nikijiambia huenda kiko sawa. Mwenyezi Mungu anisamehe."

Sheikh alimkazia macho. "Au unatuchezea?"

"Njooni mwone."

Wakaingia karakanani, Sheikh na Salit, dirisha likiwa wazi. Jundub akatoa chuma motoni, akakiweka juu ya fuawe, akangoja kidogo.

"Ndugu Salit, kina rangi gani?"

"Cheusi. Kimekwisha poa hicho," alisema Salit, akanyoosha mkono wake mzima akiguse. Jundub akamdaka kifundo. Kisha akafunga mlango, akatundika blanketi. Salit akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti, akiamini kwamba sasa majini yanakuja. Mara akanyamaza. Chuma kile kile, palepale kilipowekwa, kilikuwa chekundu.

"Subhanallah," alisema Sheikh Miqdad. "Nami niliingia humu nimekwisha kukuhukumu."

Akaamuru Jundub amuuguze Salit mpaka apone, na amfulie kisu kingine. Jundub akaenda kuleta dawa na kitambaa. Salit alibaki amesimama, amejiinamia.

"Fundi," alisema, "siku ile ulipofungua dirisha, palikuwa na mtu mlangoni akinong'ona. Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Ni nani?"

"Ni ndugu yangu katika dini," alisema Jundub. "Lete mkono nikufunge."

Salit akalia kama mtoto.

Kesho yake baada ya adhuhuri, watu walimwona Salit akiipigilia kwa mkono mmoja ngozi nene ya ng'ombe juu ya dirisha la karakana, kwa kuwa blanketi lilikuwa na tundu la kupitisha jua. Kisha akaketi mlangoni. Waliokuja kutega sikio aliwaambia, "Nendeni zenu. Mtu yuko kazini."

Ndugu zangu, siku niliposimuliwa kisa hiki mara ya kwanza, kilipofika kwenye blanketi tu nilikwisha kumdhania Jundub mabaya. Nanyi pia, nimeziona nyuso zenu. Basi tumwombe Mola maghufira, kila mmoja wetu kwa mlango aliowahi kuutegea sikio.