Nta ya Masikio ya Senzota

Enzi hizo, wajukuu zangu, masikio ya watu hayakuwa na nta. Yalikuwa wazi kama mlango wa nyumba isiyo na cha kuibwa, na akili ya mtu ilipitia humo kutoka na kuingia ipendavyo. Ikitoka, mwili uliendelea na kazi uliyoachiwa, ileile, bila kujiuliza.

Huku kwetu milimani Upare aliishi mkulima mmoja, Senzota, mvivu kupindukia. Kila asubuhi aliufikisha mwili wake shambani, akaushikisha jembe, kisha akili yake ikachomoka sikioni na kwenda kutazama ngoma za vijiji vingine.

Siku ya harusi moja ng'ambo ya bonde, akili iliondoka kwa pupa, ikasahau kuuambia mwili ukomee wapi. Mwili ukalima. Ukamaliza shamba, ukailima na njia, ukapita katikati ya maharage ya jirani, ukaingia uani kwa jumbe na kuanza kung'oa migomba yake. Wake wa jumbe wakaushukia kwa michi. Ukavimba kila mahali, lakini haukulia wala kuomba radhi, maana wa kuomba hakuwamo. Jumbe akaona hiyo ni jeuri.

"Jua likizama hajaniomba radhi," akasema, "atanilimia mimi mpaka afe."

Nakundwa, mke wa Senzota, akakimbia hadi harusini. Akaikuta akili imejikalia juu ya ngoma, raha mustarehe.

"Baba Mbonea, unapigwa huko!"

"Unapigwa mwili," ikajibu. "Mimi niko hapa, mzima."

"Kama u mzima, mbona hunywi?"

Akili ikakitazama kibuyu cha pombe. Ilikuwa ikikizunguka tangu asubuhi, haina koo. Ilitamani pia kucheza, haina miguu.

"Haya, twende," ikasema kwa unyonge.

Walifika jua likigusa mlima. Akili ikajipenyeza sikioni, na palepale kipigo chote cha siku nzima kikaifikia kwa mkupuo. Senzota akaruka juu, akapiga yowe hata kuku wa jumbe wakatawanyika.

"Mama wee! Nisamehe, jumbe! Nimeumia!"

"Nani ameumia?" akauliza Nakundwa.

"Mimi! Mimi mwenyewe!"

Jumbe alicheka mpaka akashika mbavu, akamwachia. Nakundwa hakucheka. Aliomba donge la nta ya nyuki, akalikata vipande viwili, akamziba mumewe masikio yote. Wanawake wengine walipoona, wakawaziba waume zao. Waume nao, kwa hasira, wakawaziba wake zao.

Na tangu siku hiyo masikio yana nta, na akili haiwezi tena kuhama kabisa. Hutangatanga kidogo, hasa mtu anapohubiriwa, lakini kidole cha mguu kikigonga jiwe hurudi mbio. Aliyejikwaa hasemi kidole kimeumia. Hushika mguu, akarukaruka, akalia, "Nimeumia!"