Fundi Aliyekifunga Kikinga kwa Mpira

Wapendwa, kabla sijaanza, mafundi seremala mliomo humu ndani naomba mhesabu vidole. Vimetimia? Mungu ni mwema, tuendelee.

Alikuwepo fundi mmoja aliyejinunulia msumeno wa betri, ule wenye diski ya mviringo. Hauna waya, wala hauulizi kama umeme upo au umekatika. Unachomeka betri, unabonyeza swichi, mbao moja inakuwa mbili. Na fundi huyu aliutunza jamani! Kila jioni alichomoa betri kwanza, akaufuta vumbi kwa nje ukang'aa, akauviringisha kwenye kitenge ambacho mke wake alikitafuta wiki mbili.

Sasa msumeno ule una kikinga. Ni kipande cha chuma kilichopinda kama ukucha, kinashikwa na springi. Ukiusukuma msumeno kwenye mbao, kikinga kinajikunja nyuma, meno yanakata. Ukiutoa, kinarudi kuyafunika meno. Tak! Na kwa nini kirudi? Kwa sababu ukiachia swichi, diski haisimami hapo hapo. Inaendelea kuzunguka kidogo, kama mzee wa kikao aliyeambiwa muda umekwisha, naye bado ana neno moja tu la nyongeza. Wazee wa kanisa, sijataja mtu.

Basi kikinga cha fundi wetu kikawa kizito. Kila akianza kukata, kinang'ang'ania mbao. Na alikuwa anampaulia nyumba mama mkwe wake, mvua zinakaribia, wingu linaonekana kabisa kule mlimani. Mnajua mtu anavyohangaika kwa ukweni. Fundi akakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akakirudisha kikinga nyuma, akakifunga hapo. Meno nje, kazi mbele.

Mke wake akaja na chai saa nne, akaona.

"Baba Tumsifu, hicho kitu mbona umekifunga?"

"Kinanichelewesha."

"Kinakuchelewesha kwenda wapi?"

Ndugu zangu, fundi alikunywa chai yote asipate jibu. Akabaki anasema, "Wewe mama wewe, mambo ya ufundi hayakuhusu." Mwanamume akikosa jibu, si ndivyo tunavyosema? Naona akina baba ghafla mnasoma tenzi.

Keshoye fundi akaenda msibani. Mke wake akaufunua msumeno. Betri imechomolewa tayari, maana kwa hilo mume wake hakuwa mzembe. Akaufungua mpira. Akaona kule ndani, kwenye ile springi, utomvu wa mbao umegandamana na unga wa mbao kama ukoko kwenye sufuria. Fundi alikuwa akifuta nje tu, kule ndani hajawahi kufika. Mama akachukua mswaki na mafuta ya taa kidogo, akasugua taratibu, akapangusa mpaka pakakauka. Mswaki wa nani? Mimi sikuuliza, na nyinyi msiulize.

Asubuhi iliyofuata, kule ukweni, fundi akafunua kitenge.

"Nani amegusa msumeno wangu?"

"Mimi," mke wake akajibu, anachochea uji.

"Umeniharibia kazi! Mpira uko wapi?"

"Umepata kazi nyingine."

Alifoka huyo! Akatafuta mpira mwingine, hakuna. Wingu nalo limeshuka mlimani. Akachomeka betri kwa hasira, akaanza kukata huku ananung'unika. Hata hakuona kwamba kikinga kinakwenda na kurudi laini kabisa. Mtu akinuna haoni.

Katikati ya mbao ya saba, sauti ikatoka nyuma yake: "Hodi hapa kwa mafundi!"

Mama mkwe.

Nyinyi mnajua heshima ya mkwe. Humwamkii ukiwa umesimama kama nguzo ya simu. Fundi akaachia swichi, akauchomoa msumeno kwenye mbao, akageuka, akachuchumaa, na msumeno, kwa haraka ya adabu, akaulaza juu ya paja lake. Diski bado inazunguka.

"Shikamoo mama."

Tak.

Kikinga kilikuwa kimekwisha kurudi. Juu ya paja lake, nyuma ya kipande kile cha chuma, fundi akausikia mlio wa meno ukipungua, ukipungua, mpaka kimya. Suruali haikuchanika hata uzi.

"Marahaba, baba. Mbona unatetemeka?"

"Nimefurahi kukuona, mama."

Mama mkwe akaingia ndani, anasimulia mpaka leo jinsi mkwe wake anavyompenda.

Fundi akabaki amechuchumaa. Mke wake akaja na chupa ya chai. Mfuniko wa chupa ile ulikuwa umelegea siku nyingi, sasa umekazwa barabara kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Mpira wako huu hapa," akasema. "Unautaka?"

Fundi akautazama. Akatazama paja lake.

"Uache hapo hapo, Mama Tumsifu."

Wapendwa, sasa tusimcheke fundi, tujitazame sisi. Sisi nasi tumewekewa vikinga. Mke anayesema "ngoja kwanza". Rafiki anayesema "leo umekunywa vya kutosha, lete ufunguo". Ile sauti ndani ya kifua inayokukataza usitume ujumbe ule wa hasira. Tunasema vizito, vinatuchelewesha. Ni lini mara ya mwisho tulivisafisha? Tumeketi lini na wake zetu tukawasikiliza? Tumenyamaza lini mbele za Mungu dakika tano tu? Jumapili tunang'aa kwa nje, mashati yamepigwa pasi, na ndani kuna ukoko. Kisha Jumatatu tunatafuta mpira.

Na wewe uliyekwisha kukifunga kikinga chako, ukaona mwezi umepita hujakatwa, usijisifu. Mama mkwe wako bado hajapiga hodi.

Nendeni nyumbani. Wapo watu wanaowangoja huko na swali moja, na leo msiwajibu kwamba hayawahusu. Ketini nalo mpaka chai iishe: kinakuchelewesha kwenda wapi?