Aliyesema Hapa, Aingie Kwanza

Paukwa!

Aa, hiyo pakawa ya wagonjwa. Karanga zangu mnazitafuna kwa nguvu, kuitikia hamuwezi? Paukwa!

Pakawa!

Pana shimo!

Tangulia wewe!

Haya, natangulia. Bambueni huku mnasikiliza. Na wewe Siwema nakuona, moja kwenye ungo, mbili mdomoni.

Hapo zamani za kale, kale hasa, bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kundi la nguchiro. Nguchiro mnawajua, wale wadogo wenye mikia mirefu, wanaokatiza shambani mbio mbio, huyu nyuma ya huyu. Nguchiro hajengi nyumba. Hulala ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Analala siku mbili, ya tatu anahama, maana akikaa sana harufu yake inamwita nyoka.

Sasa nani anachagua kichuguu? Kiongozi. Ananusa, anatazama, anasema, "Hapa." Akishasema hapa, kundi zima linaimba:

Aliyesema hapa,
Aingie kwanza!

Ndiyo mila yao. Kama ndani mna mauti, yaanze na yeye.

Kiongozi wao alikuwa Bi Tabu, mzee, macho yameingia ukungu. Siku moja akawaita wote. "Wajukuu zangu, jana nimeponea chupuchupu kumkalia nungunungu nikidhani ni kichaka. Nimechoka. Anayetaka nafasi yangu atuchagulie kichuguu mara tatu, tumwone."

Akajitokeza Chiku. Chiku alikuwa msichana wa kinguchiro, anauliza maswali mpaka mama yake alikuwa akijifanya amelala.

"Mimi, bibi," akasema.

Makeke akacheka. Makeke alikuwa dume kubwa, kifua mbele, manyoya kayalamba yanang'aa. "Huyu? Huyu anayeuliza kwa nini konokono hana miguu?"

"Na wewe unaitaka?" akauliza Bi Tabu.

"Mimi sina haraka, bibi. Nitatazama kwanza."

Basi alasiri ile Chiku akawatangulia. Akaona kichuguu kirefu, mlango wake safi, hauna jani wala utando wa buibui. Akafurahi. "Tazameni, pamefagiliwa! Hapa!"

Aliyesema hapa?

Aingie kwanza!

Chiku akaingiza kichwa. Lahaula! Fira! Fira akavimbisha shingo, akarusha kichwa, paa! Chiku akaruka nyuma, meno yakamkosa kwa unywele. Kundi likatimua mbio, likalala kwenye miiba, watoto wanalia.

Makeke akaanza kumsagia Chiku kunguni. "Mnamwona kiongozi wenu? Anatupeleka kinywani mwa nyoka!" Na Chiku akalia. Mimi sisemi uongo, alilia, kwa sababu aibu inauma kuliko miiba.

Asubuhi Chiku hayupo. Kaenda wapi? Semeni.

Katoroka!

Ndivyo walivyosema na wao. Wapi! Chiku alirudi kule kule kwenye kichuguu. Akapanda jiwe, mbali kidogo, akakaa kutazama. Alitaka kujua kitu kimoja tu: nani alifagia pale mlangoni? Akakaa mpaka jua likamchoma. Mara fira akatoka, taratibu, tumbo linaburura chini. Majani yakasogea pembeni. Mlango ukabaki safi.

"Kumbe!" akasema Chiku. "Fagio ni tumbo la fira."

Siku ya kuhama ilipofika tena, Chiku akachagua kichuguu chenye utando wa buibui mlangoni, mzima haujakatika. Akaingia kwanza. Hamna nyoka. Wakalala raha mustarehe.

Mvua ikanyesha. Maji yakaingia kama wageni wa harusi, bila hodi. Wakatoka wanakohoa, na mtoto mmoja angechukuliwa na maji kama Chiku hangemdaka kwa shingo.

"Mara mbili!" akapiga kelele Makeke. "Mara mbili katuua, ni bahati yetu tu!" Na safari hii wengi wakaitikia.

Mnadhani Chiku alifanyaje? Alirudi. Miguu mizito, hataki, lakini alirudi. Akazunguka kile kichuguu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akaona ukutani mstari wa tope kavu, wa mvua za zamani, juu kuliko kichwa chake. Maji yalikuwa yameshaacha habari zao pale, yeye hakuzisoma.

Lakini kundi lilikuwa limemchoka. "Tunamtaka Makeke," wakasema. "Makeke hajawahi kukosea."

"Amewahi kuchagua?" akauliza Chiku.

Makeke akatangulia, mkia juu. Hakunusa, hakuzunguka. Akafika penye kichuguu kikubwa kuliko vyote. "Hapa!"

Aliyesema hapa?

Aingie kwanza!

Makeke akarudi nyuma hatua moja. "Aa, hizo mila za kizamani. Kiongozi hupanga, wengine huingia. Watoto watangulie, wao wadogo, watapenya vizuri."

Nyie! Watoto!

Na watoto, watiifu, wakajipanga mstari. Chiku akatupa jicho mlangoni. Pasafi. Hapana jani wala utando. Akapiga kelele, "Msiingie!" Mtoto wa kwanza alikuwa ameshaingiza kichwa. Chiku akamuuma mkia, akamvuta, na hapo hapo fira akatoka nyuma yake na shingo imevimba. Nguchiro wote wakamzunguka, manyoya wima, wakamzomea mpaka akaona hawa ni wengi, akajiondokea.

Makeke alikuwa wapi? Juu ya mti.

Mawingu yakawa yanakusanyika. Bi Tabu akasema, "Chiku, mara yako ya tatu hujaitumia."

"Bibi, naogopa."

"Ogopa huku unanusa. Sisi tunanyeshewa."

Chiku akatafuta. Akapata kichuguu mahali palipoinuka, utando mlangoni, ukutani hamna mstari wa tope. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapa." Wakamwimbia, akaingia. Wakangoja. Wakangoja sana. Akatoka.

"Si hapa."

"Kuna nini?"

"Sijui," akasema Chiku. "Kuna harufu nisiyoijua. Nani anaijua?"

"Kiongozi hajui!" akasema Makeke kutoka mtini. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bi Tabu akasogea, akaweka pua. "Siafu! Wako chini humu, maelfu. Tungelala, wangekula watoto wakabakiza mifupa."

Wakaenda cha jirani. Chiku akazunguka, akanusa, akaingia kwanza. Akatoa kichwa nje. "Njooni." Mvua ikapiga hadi alfajiri, na ndani hakulowa hata mmoja.

Kulipokucha Bi Tabu akamketisha Chiku mahali pake. Kundi likashangilia, kisha likamgeukia Makeke. "Afukuzwe! Alitaka kutuulia watoto!" Makeke hakuwa na kifua tena. Alijikunja, anangoja kuambiwa aende.

Chiku akamwendea. "Makeke, inuka twende."

"Unanifukuza?"

"Twende kwenye kile kichuguu chako. Ukaone ulichokosa kukiona jana. Mimi nimefanya safari hizo mara mbili peke yangu, na peke yako zinauma sana. Leo tutakuwa wawili."

Makeke akalia mbele ya wote. Kisha akainuka, wakaondoka, huyu nyuma ya huyu.

Basi, wanangu, mnaotaka kuongoza darasa, timu, kijiji, sijui nchi, sikieni. Kukosea hakumnyimi mtu uongozi. Kinachomnyima ni kukimbia kosa lake na kuwatanguliza watoto wa wenzake. Wahenga walisema, usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Na ukishapaona, mshike mkono mwenzako aliyejikwaa hapo, nawe uende naye.

Hadithi imefika kwao, nami narudi kwangu. Ikiwakolea, ni yenu. Ikiwachachia, nirudishieni niipike upya.