Pasi Zilizokatwa Kwenye Klipu

Ukianza kusoma usiishie katikati, maana aliyeishia katikati ndiye tunayemsema humu. Ukimaliza, mrushie kiongozi yeyote unayemjua ambaye msimu ukiisha hushika kalamu nyekundu na kuanza kukata majina ya watu.

Kulikuwa na klabu ya mpira ikiitwa Msumeno FC, katika mji mmoja wa mbao huku nyanda za juu kusini. Haikuwa klabu ya kutisha, lakini ligi daraja la kwanza ilikuwa inatujua. Mimi kazi yangu pale ni kupiga mistari ya chokaa uwanjani, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Ofisi yetu imejengwa kwa mbao za inchi moja. Mtu akikohoa ndani, sisi wa nje tunampa pole.

Mwenyekiti wetu, Bwana Mgovano, ni tajiri wa mbao. Aliichukua klabu ikiwa hoi, akanunua basi, akazungushia uwanja uzio. Kwa hayo tunamshukuru, sina ubaya naye. Tatizo lake lilikuwa moja tu: mpira alikuwa anautazama kwenye simu. Uwanjani alifika dakika ya themanini, akapiga picha na aliyefunga, akaondoka kabla hatujang'oa nyavu. Ukimuuliza mechi ilikuwaje, anakuonyesha klipu ya goli.

Msimu ule tulimaliza nafasi ya tano. Mwenyekiti akatangaza kwamba anasuka kikosi upya.

Chanzo kilikuwa klipu. Alirushiwa na mtu, aliyekuwa amerushiwa na mtu, kama wewe ulivyorushiwa hii. Sekunde hamsini. Kijana mmoja mrefu kutoka upande wa Songea, Remigius, anafunga magoli matano. Mpira mguuni, nyavuni. Mguuni, nyavuni. Mwenyekiti aliitazama ile klipu asubuhi, akaitazama anakula, akaitazama gari likiwa linaoshwa.

Akaapa huyo kijana lazima avae jezi yetu. Milioni mbili kwa mwezi. Ili zipatikane, mishahara ya wengine ikabidi ipunguzwe, na wachezaji watano wakaitwa ofisini kwa zamu. Wanne wa kwanza waliambiwa nusu mshahara, wakasaini, wakatoka wakiangalia chini. Siwalaumu. Wana watoto.

Wa tano alikuwa Ambakisye.

Ambakisye alikuwa namba sita wetu, kiungo, miaka thelathini na nne. Misimu kumi na moja hajawahi kuhama. Magoli aliyofunga katika misimu yote hiyo ni manne, na Mwenyekiti alikuwa ameyaandika kwenye karatasi na kuyazungushia duara.

"Kaa, Ambakisye," alisema. "Unalipwa laki sita. Msimu ujao ni laki tatu."

"Kwa kosa gani, Mwenyekiti?"

"Makosa mawili. La kwanza umri. La pili, mwezi uliopita umecheza ndondo bila ruhusa yangu. Mchezaji wa Msumeno unakwenda kugombea ng'ombe vijijini! Umetushusha hadhi."

Hilo la ndondo lilikuwa kweli. Ligi ikiisha, mashindano ya vijijini ndiyo yanaanza, na hakuna mchezaji hapa asiyeyacheza kwa kujificha. Ambakisye alikwenda kwa sababu kijiji kile ni kwa mama yake, na wajomba wakikuita huwezi kuwaambia una mkataba.

Mwenyekiti akamgeuzia simu. "Hebu tazama hapa. Hiki ndicho ninachokilipia mimi."

Ambakisye akaitazama klipu mpaka mwisho. Halafu tukamsikia anacheka.

"Unacheka nini?"

"Magoli mazuri."

"Umeona? Hata wewe unakubali. Sasa saini hiyo laki tatu, au kesho nikupe thenki yu yako."

Kama hufuatilii mpira, thenki yu ni ile picha ambayo klabu inaiweka mtandaoni kukushukuru kwa utumishi wako. Maana yake umefukuzwa.

Tukasikia kiti kikisogezwa. Ambakisye alikuwa amesimama.

"Mwenyekiti, hiyo nusu mshahara nitaichezea mguu gani? Wa kulia au wa kushoto?"

"Usinijibu hivyo."

"Nauliza nijue viatu nibebe kimoja au viwili."

Nje tulibana midomo tusicheke kwa sauti.

"Ukitoka kwenye mlango huo huna timu," Mwenyekiti alisema. "Nani wa kumsajili mtu wa miaka thelathini na nne?"

"Basi nitakuwa sina timu. Lakini nusu yangu huipati."

Akatoka. Sisi wa nje tulimwona shujaa, ila mimi nilimfuata mpaka nyuma ya goli la kusini, na pale nilimkuta amekaa chini. Aliogopa. Alikuwa amepanga acheze misimu miwili tu, amalizie nyumba, halafu astaafu kwa heshima. Kazi nyingine hana. Nikampa maji ya kwenye ndoo yangu.

"Kaka," nikamuuliza, "ile klipu ulicheka nini?"

"Waliikata vibaya."

"Vibaya vipi?"

Akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Nimecheza mbele ya macho yao miaka kumi na moja. Leo nikianza kujieleza kwa mdomo, miguu ilikuwa inafanya kazi gani?"

Nilimsindikiza kwake nimembebea viatu, vyote viwili. Mkewe, Mama Lusajo, alisikiliza habari yote huku anachambua maharage.

"Laki tatu tungeishi, Baba Lusajo," alisema.

"Tungeishi."

Akachambua, akatupa jiwe moja. "Ila wewe ungekuwa unarudi humu ndani umenuna kila siku. Bora ulivyokataa. Ukae nao hao?"

Kesho yake thenki yu ikawekwa. Picha yenyewe walimkata bega. Watu wakaandika chini yake, mzee akapumzike, mzee akalee wajukuu. Kijana wake wa kwanza yuko darasa la nne.

Sasa, katika mji uleule kuna timu nyingine, Mabanzi FC. Mabanzi ni yale magamba ya gogo yanayobaki baada ya mbao kupasuliwa, ambayo watu wanajengea mabanda ya kuku. Jina hilo walipewa kwa dharau kwa kuwa ni wafanyakazi wa viwanda vya mbao, na wao wakalichukua wakalishona kwenye jezi. Msimu ule ndio walikuwa wamepanda daraja. Kocha wao akamfuata Ambakisye nyumbani.

"Sisi hatuna hela," akamwambia. "Tuna laki nne. Kila mchezaji anapata laki nne, na mimi kocha laki nne. Hakuna anayezidi, hakuna anayepungua."

Ambakisye akasaini siku ileile. Najua utasema laki nne ni pungufu ya laki sita, hilo hata mpiga chokaa analijua. Lakini pale hakuna aliyemwambia kwamba thamani yake imebaki nusu. Alihesabiwa mtu mzima kama wenzake, na kwake hilo lilitosha.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, dirisha la usajili linafungwa saa kumi jioni. Saa saba mchana Remigius akashuka kwenye basi. Mwenyekiti alikuwa amekodi matarumbeta. Meza imetandikwa kitambaa, mkataba upo mezani, jezi imeshaandikwa jina. Kijana akakaa, akapewa kalamu, akaangaza macho huku na huku.

"Samahani, Mwenyekiti. Kaka Ambakisye yuko wapi? Nilitaka nisaini akiwa amesimama hapa."

"Ambakisye yupi?"

"Namba sita wenu. Nimecheza naye ndondo kule kwa wajomba zake. Mimi nimekuja kwa sababu yuko hapa."

"Huyo tumemwacha," Mwenyekiti alisema, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Kikosi tunakujengea wewe."

Remigius akaweka kalamu chini. Akatoa simu yake.

"Klipu uliyoiona wewe ni ya sekunde hamsini. Mimi ninayo mechi nzima, alirekodi mdogo wangu. Tazama."

Tukajazana nyuma ya kiti. Goli la kwanza, ila safari hii likaanzia mbali, katikati ya uwanja. Mtu mmoja mwenye fulana iliyopauka anapokea mpira, ananyanyua kichwa mara moja, anaupeleka. Mpira unapita katikati ya watu wanne na kumkuta Remigius anakimbia. Hapo ndipo klipu ya Mwenyekiti ilipokuwa inaanzia. Goli la pili, mtu yuleyule. La tatu, yuleyule. Mpaka la tano. Aliyekata ile klipu alitaka magoli, akatupa pasi.

Yule wa fulana iliyopauka alipogeuka, kila mtu pale alimtambua.

"Mimi chenga sijui, Mwenyekiti," Remigius alisema. "Mimi najua kukimbia. Nikikimbia mpira unanikuta. Usiponikuta, nitakuwa nakimbia tu na jezi yako mgongoni."

Matarumbeta yakanyamaza. Saa nane ilikuwa imepita.

Mwenyekiti akaingia kwenye gari, Remigius nyuma na mkataba wake magotini, mimi mbele kuonyesha njia. Ndiyo, nilipelekwa kuonyesha njia. Miaka sita ya uenyekiti alikuwa hajui namba sita wake anakaa wapi. Nyumbani tukaambiwa yuko uwanjani kwa Mabanzi. Tukamkuta anagongelea misumari kwenye benchi la wachezaji wa akiba.

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema.

"Marahaba, ndugu yangu." Leo alikuwa ndugu. "Ambakisye, yaishe. Laki sita yako ipo."

Ambakisye akagonga msumari.

"Laki nane."

Msumari mwingine.

"Milioni moja na laki mbili! Mara mbili ya uliyokuwa unapata! Unataka nini tena?"

Mimi sifichi, kwenye laki nane ningekuwa nimeshaingia kwenye gari. Ambakisye akaweka nyundo chini.

"Mwenyekiti, wiki iliyopita ulisema mimi ni nusu. Leo unasema mimi ni wawili. Mimi nipo mmoja tu. Na huyo mmoja amesaini huku."

"Mkataba unavunjwa. Nitawalipa."

"Wewe unavunja. Mimi sivunji."

Kisha tukasikia mlango wa gari unafunguliwa. Remigius alizunguka nyuma, akatoa begi lake, akalitua karibu na lile benchi.

"Kaka, kwenu nafasi ya mshambuliaji ipo?"

"Ipo," Ambakisye akamjibu. "Laki nne. Hakuna anayezidi."

"Una wazimu?" Mwenyekiti alipiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye misonobari. "Unaacha milioni mbili kwa laki nne?"

"Shikamoo tena, mzee wangu," Remigius alisema kwa upole kabisa. "Nikikaa kwako mwaka mzima bila goli, mwakani nani atanipa hata hiyo laki nne? Wacha kwanza nifunge. Milioni tutazizungumza nikiwa na magoli."

Katibu wa Mabanzi alipanda juu ya rundo la magogo kutafuta mtandao. Jina la Remigius lilikwenda zikiwa zimebaki dakika sita. Waliokuwa chini wakimshikilia miguu ndio walioanza kushangilia.

Mechi ya kwanza baina yetu ilikuwa mwezi wa kumi. Siku hiyo Mwenyekiti alifika uwanjani kabla chokaa yangu haijakauka. Akakaa na watu wa kawaida, simu mfukoni, hakwenda hata kununua maji.

Dakika ya sabini na moja Ambakisye akapokea mpira katikati, akanyanyua kichwa mara moja. Remigius alikuwa ameshaanza kukimbia. Mabanzi moja, Msumeno bila. Uwanja mzima ukageukia kibendera cha kona, ambako Remigius alikuwa amelaliwa na wenzake. Mwenyekiti peke yake hakugeuka. Alikuwa bado anaangalia katikati, kwa mtu mmoja aliyeinama anapandisha soksi zake.

Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa nimevaa fulana ya Msumeno, mbele ya viongozi wote, na nikapiga makofi mpaka chokaa ikaruka mikononi. Wakitaka, na mimi wanipe thenki yu yangu.

Funzo: Kabla hujamkata mtu, tazama mechi yote, na wewe unayekaribia kukatwa, usisaini kwamba u nusu.