Kibuyu cha Balan

Sogeeni, wajukuu, niwapeleke kwa Wamaya wa kale. Nchi yao haikuwa na mto. Mvua ikinyesha, mwamba unaimeza yote. Maji yalikuwa kwenye shimo moja tu, na shimoni mlikuwa na zimwi.

Balan akamwambia dada yake Ixkab, "Tujenge kilimani, tuonekane."

"Utaonekana na kiu yako, kaka."

Wakanuniana. Ixkab akateremsha kamba shimoni, zimwi likaikata. Akateremsha tena, likaikata. Mara ya tatu akateremka mwenyewe.

"Utanipa nini?" zimwi likauliza.

"Majirani. Tutajenga hapa hapa, usikie watoto wakicheza."

Zimwi, lililochoka upweke, likaachia maji. Mji ukakua pale.

Balan alibaki kilimani kwake. Kila jioni, hadi uzeeni, Ixkab alimpandishia kibuyu. Alikaa tu kando, akikumbuka walivyokuwa wakigombea kibuyu utotoni, akimngoja amalize kunywa.